Finjani ya Mchungaji

Kanisani kwetu mkalimani hasimami tu akasema. Anayedhani hivyo hajawahi kutafsiriwa na Mkenya. Mhubiri akiruka, nawe unaruka. Akipiga magoti, unapiga magoti, hata kama umevaa sketi ya kubana na zulia lina vumbi la wiki nzima. Akilia, ni juu yako kutoa machozi, na yakikataa, basi angalau utoe leso. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya hapa Maskati, Oman, kila Ijumaa, kwa sababu Jumapili huku watu wako kazini, na nadhani Mungu mwenyewe ameshazoea.

Siku nyingine za wiki nilikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno kule Darsait, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la betri za magari. Huko niliwaambia watu wafungue midomo kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa Kihindi cha kuombea maji, na kwa Kiswahili. Ijumaa nilifungua wangu.

Nimelelewa Changamwe, Mombasa, na kwa upande wa Kiswahili nilijiona nimefika. Wenzangu wa bara waliniheshimu. Waumini wetu walikuwa Wakenya wa mahotelini na wa gereji, walinzi, Watanzania wachache, na Waganda, wengi wao wasichana wa kazi za nyumbani, wale waliobahatika kupewa ruhusa. Tuliutumia ukumbi kwa zamu na makanisa mengine ndani ya ua mmoja. Wahindi wakitoka, Wafilipino wanaingia, sisi tunangoja nje kwenye kivuli cha ukuta, tukinukia jasho na pafyumu.

Halafu tukaletewa mchungaji mpya. Alikuwa mzee mrefu, mjane, mwenye nywele nyeupe zilizonyooka, kutoka Oklahoma huko Marekani. Tulimtarajia Mzungu. Kumbe ni Mcheroki, mtu wa moja ya makabila yaliyokuwa yakiishi nchi ile kabla Wazungu hawajashuka. Sura yake iliwachanganya watu mjini. Wenye maduka wa kutoka India walimsalimia Kimalayalam, madereva wa teksi wakamsalimia Kiarabu, na yeye aliitikia wote kwa kichwa, amefurahi.

"Huku kila mtu anadhani mimi ni wa kwao," aliniambia. "Kwetu, ambako ndiko kwetu hasa, watu huniuliza nimetoka wapi."

Alikuwa mtu mwema. Ila alihubiri akiwa amesimama mahali pamoja, mikono mfukoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Na waumini wetu hawakuwa wamebanana kwenye teksi kutoka mbali kuja kusikiliza bei ya nyanya. Basi moto nikauwasha mimi. Yeye alisema taratibu, "Mungu hajakusahau." Mimi nilishuka jukwaani, nikamshika mtu bega, nikapaza sauti, "Hata wewe! Hata wewe unayelala kwenye chumba cha kupigia pasi! Wamekusahau kwenye ngazi, wamekusahau kwenye gari, lakini Yeye hajakusahau!" Watu wakasimama kwa vifijo na vigelegele. Mchungaji akangoja kwa adabu mpaka nirudi.

"Dada," aliniuliza siku moja baada ya ibada, "nilisema yote yale?"

"Mchungaji, Kiswahili ni lugha ndefu."

Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo aliponisimulia habari ya babu wa babu yake, tukiwa tunakula mandazi nje ya ukumbi. Mzee huyo alikuwa mkalimani wa misheni. Wamisionari walifika kwao hawajui hata neno la Kicheroki, wakamsomesha yeye angali kijana, akawa mdomo wao. Alikula meza moja nao, ila mwisho wa meza. Watu wa kwao walimshuku kwamba ameuza masikio yake kwa wageni, na wageni walimshuku kwamba anaongeza chumvi.

"Na aliongeza?"

"Ukoo wetu wote huongeza. Mimi ndiye niliyetoka chapwa."

Lakini kulikuwa na jambo moja, alisema, ambalo mzee yule hakulifanya. Mhubiri akitoa neno lisilofaa kupelekwa upande wa pili, labda tusi kwa wazee au siri ya mtu, babu hakulipindisha wala hakulirembesha. Alikaa. Nyuma yake palikuwa na benchi lake, naye aliketi juu yake kimya, mikono magotini, akamwacha mhubiri amesimama peke yake na mdomo wazi mpaka abadilishe maneno.

"Alikaa mara nyingi?"

"Kwetu wanasema kuna mahubiri aliyakalia tangu salamu."

Nilicheka, ila moyoni nilimwona babu yule mvivu. Mimi sikuwahi kukaa. Neno likinishinda nalipiga randa, napaka vanishi, nalipitisha. Mkalimani wa kukaa ni wa nini? Nyumbani viti tunavyo.

Sasa nije kwa Bibi. Alikuja kliniki kutafuta meno ya bandia. Alikuwa Mmanga wa Unguja, yaani Mwarabu wa asili ya Oman, aliyezaliwa huko akaletwa Oman angali msichana. Aliishi Darsait miaka mingi, ndiyo maana hata baada ya mwanawe kumjengea nyumba kule Mabela, nje ya mji, yenye vyumba ambavyo yeye mwenyewe hajavifungua milango, bado alikuja Darsait kwa kila kitu, kuanzia meno hadi vitunguu thomu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisikiliza nikieleza mambo ya miadi huku ameinamisha kichwa kidogo.

"Kiswahili chako kizuri, mwanangu," alisema. "Ila una nguvu mno. Wasema kama mtu anayepasua kuni."

Iliniuma. Mimi, wa Changamwe! Lakini nilimpenda papo hapo, na nilianza kungoja siku zake za kuja.

Alifuatana na msichana wake wa kazi, Mganda, mtoto wa kutoka milima ya Mbale, Mkristo, mpole, mwenye macho ya kuangalia sakafu. Waganda wengi ninaowajua hukiogopa Kiswahili. Huyu alikuja bila hata neno, akafundishwa na Bibi jikoni, na kwa hiyo alikuwa Mgisu wa milimani anayezungumza kama amezaliwa Forodhani, Unguja. Aliponiambia, "Nnamngojea Bibi, anti, hajambo lakini kachoka," nilishika meza nisianguke.

Siku moja Bibi akiwa ndani, mdomo umejaa ule unga wa kupimia meno, msichana alinisogelea akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mama yake amekufa.

Mazishi aliyaona kwenye simu. Aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari huku akikaanga bajia, maana ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa binti wote wa Bibi huja kula na waume zao na watoto wao. Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanakula. Bibi alipoingia jikoni akamwona macho mekundu, msichana alimwambia ni vitunguu.

"Na sasa wataka nini, mwanangu?" nilimuuliza.

Alitaka Ijumaa moja. Kwao, alisema, mtu hajawa amezikwa sawasawa mpaka mtoto wake asimame mbele ya watu amseme: alikuwa nani, alipenda nini, aliogopa nini. Alikwishajaribu kumsema mama yake peke yake, mbele ya jiko, akaona haihesabiki. Panatakiwa watu. Na watu wake, hapa Maskati, walikuwa ni sisi wa Ijumaa, niliokuwa nikimsimulia pale mapokezi.

Lakini Ijumaa ndiyo siku ambayo Bibi hakuweza kuwa bila yeye. Tena msichana aliyemtangulia alitoka Ijumaa moja kwenda kununua muda wa maongezi, na mpaka leo hajarudi nao. Na jambo kubwa zaidi: Bibi asijue kabisa habari ya msiba. Wakala wa Kampala aliwafundisha kabla hawajapanda ndege. Mwajiri akisikia umefiwa, haoni machozi, anaona tiketi ya kukurudisha. Nyumbani kulikuwa na wadogo zake, na sasa hawakuwa na mtu mwingine isipokuwa yeye.

"Mwambie mchungaji aje aniombee ruhusa," alisema. "Mzee kwa mzee. Lakini la mama, anti, lisitoke. Niapie."

Nikaapa, mbele ya bango la kupiga mswaki.

Nilimweleza mchungaji yote. Kuhusu siri alikunja uso.

"Mimi siwezi kumdanganya mama wa watu."

"Hakuna anayekuomba udanganye, mchungaji. Nakuomba unyamaze. Unalijua sana hilo, mahubiri yako yote ni ya kunyamaza."

Tulikwenda Mabela baada ya alasiri. Nilikuwa nimemwambia aje na keki. Akaja na keki, na koti la suti katika joto lile, na shada la waridi jekundu, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba nyumba ya bibi haiingiwi bila maua. Mimi niliona koti na waridi na keki, na sikuona kitu kingine. Haraka ya kwenda kutafsiri hupofusha.

Bibi alitupokea sebuleni kwake, ambako hakukuwa na viti, ila magodoro ya kukalia yaliyozunguka kuta, na mito. Mchungaji alishuka chini kwa awamu, magoti yakilia. Tuliulizana hali, na za nyumbani, na za safari, na za afya, na za joto. Kisha msichana akaingia na tende, na sinia la halua, na dele, birika la kahawa yenye hel, yaani iliki. Alimmiminia mchungaji kwanza, hakuinua macho.

Mchungaji alipokea finjani kwa mkono wa kulia, kama nilivyomfundisha. Akashukuru. Akaiweka chini mbele yake, akaiacha.

Mimi nilijua sababu. Daktari alikuwa amemkataza kahawa kwa ajili ya moyo, naye alilelewa kwamba cha mwenyeji hukikatai, unakipokea. Basi kaipokea. Lakini Bibi aliitazama ile finjani kama mtu aliyeona mgeni ameingia na viatu.

"Hanywi?"

"Bado, Bibi."

"Mwambie anywe."

Nilimwambia. Mchungaji akaweka mkono kifuani, akasema ahsante, inanukia vizuri sana.

"Anashukuru, Bibi. Anasema inanukia."

"Sikumpa ainuse."

Bibi alinisogelea, akashusha sauti, ingawa mtu aliyekuwa akimteta hakujua hata neno moja.

"Nyie wa kule hamjui mambo haya, mwanangu. Kwa wazee wetu wa huku, mgeni akiweka kahawa chini asiinywe, basi ana haja. Tena haja nzito. Hainywi mpaka mwenye nyumba amwambie: kunywa, haja yako imepita. Marehemu baba yangu alipokwenda kumposa mama, finjani ilipoa pale mpaka nzi wakaoga. Huyu mzee wako ni mtu wa asili, ama sivyo? Usoni nnamwona. Kalelewa huyu. Haya, muulize, ana haja gani?"

Nilimgeukia mchungaji, nikamwambia sasa ndiyo saa yake. Akasema, mikono ikitafuta mifuko isiyofikika alivyokaa, kwamba tunaomba binti aje kuabudu nasi Ijumaa moja. Nililifunga ombi lile kwa maneno mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo, nikalikabidhi.

Bibi alicheka kwa faraja. "Ijumaa moja? Hilo tu? Imepita. Mwambie anywe."

"Amekubali!" nilimwambia mchungaji. Akatabasamu mpaka masikioni, akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani. Finjani hakuigusa.

Hapo nilipaswa kumweleza Bibi habari ya moyo na daktari. Sikueleza. Niliuona uso wa Bibi, nikaona bei inapanda yenyewe bila mtu kusema kitu, na mimi ni mtu wa Mombasa, najua wakati wa kunyamaza sokoni.

"Hanywi bado," Bibi alisema. "Kumbe si moja." Akafikiri. "Basi kila mwezi. Kila mwezi Ijumaa moja."

Mchungaji alimtabasamia.

"La, mtu huyu mgumu. Haya, kila Ijumaa! Wakimaliza kula, binti zangu wataosha vyombo wenyewe, Mungu kawapa mikono. Kila Ijumaa, khalas."

Mchungaji alisifu mazulia.

"Na simu," Bibi alisema, sasa jasho likimtoka, "asiifiche tena kwenye unga. Nnajua iko kwenye unga. Miye mtu mzima, chapati yangu ilinipigia kengele mdomoni."

Mimi niliuma shavu kwa ndani nisicheke. Nadhani tungekaa dakika chache zaidi, Bibi angempa msichana yule nyumba.

Lakini macho ya Bibi yakaanza kutembea. Alitazama koti la suti. Akatazama waridi jekundu, akatazama keki kwenye boksi lenye utepe, akamtazama msichana aliyesimama na dele, mwisho akaitazama finjani. Rangi ilimbadilika.

"Yaa Rabbi," alisema. "Anamtaka mwenyewe."

"Nani, Bibi?"

"Huyu! Kaja kuposa!"

"Bibi, hapana..."

"Babu mzima na nywele zake nyeupe! Mwambie, haoni haya? Mtoto huyu hana mtu hapa ila miye. Miye ndiye mamake hapa! Mamake aliyemzaa yuko huko kwao, kalala, katulia, kajua mwanangu yuko kwa mtu mzima mwenzangu. Nitamjibu nini? Ntamwambia nimemwoza mwanao kwa babu asiyekunywa kahawa?"

Msichana aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa bega. Kicheko kilinikauka.

"Anasema nini?" mchungaji aliniuliza. "Kwa nini amekasirika?"

Nilimpa ukweli mtupu, kwa mara ya kwanza bila hata chembe ya chumvi: mama huyu anadhani umekuja kumuoa msichana.

Maskini mzee wa watu. Aliiva uso mpaka shingoni. Mikono yote miwili ikaenda juu kama kwamba Bibi ameshika bunduki.

"Hapana! Mwambie hapana! Mwambie mtoto anataka tu kumwombolezea mama yake. Mama yake amekufa! Hajui? Mwambie, dada. Mwambie!"

"Kasemaje?" akauliza Bibi.

Wote wawili wakanigeukia. Msichana naye alinitazama, kwa maana Kiingereza alikijua kuliko mimi, na macho yale yalikuwa yananikumbusha kiapo. Nilipekua kichwani nitafute la kusema. Maneno hayakukosekana. Ningeweza kusema mchungaji anaomba radhi, ningeweza kusema mjane hana haja ya mke, ningeweza kumgeuzia Bibi habari kwenye keki. Lakini hapo palikuwa na mama wa mtu, na nilihisi kwamba mama wa mtu hapigwi randa.

Nikamkumbuka babu wa Kicheroki na benchi lake. Nikataka kukaa. Lakini nilikuwa nimeshakaa! Sote tulikuwa chini, kwenye magodoro, na chini ya pale hakuna tena pa kukaa ila kaburini.

Basi nilinyoosha mkono kwenye sinia, nikachota donge la halua kwa vidole vitatu, nikalitia lote mdomoni.

Halua ya hapa si ya mchezo. Ni wanga na samli na sukari iliyopikwa mpaka ikakataa kuachana, na ukijaza mdomo, mdomo umefungwa. Mimi wa kliniki ya meno ninajua.

"Kasemaje?" Bibi akarudia.

"Mmmh," nilisema.

"Huyu naye! Sasa ndiyo kaona njaa!"

Mchungaji alinitazama mashavu yalivyovimba. Uso wake ulitulia taratibu, akashusha mikono. "Umekaa," alisema kwa sauti ya chini. Nikamwitikia kwa kichwa.

Tukasikia dele likiwekwa kwenye sinia. Msichana alipita mbele ya mchungaji, akapiga magoti mbele ya Bibi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinua macho.

"Bibi," alisema, kwa Kiswahili kile kile alichofundishwa na Bibi, "mamangu kafa. Siku ile ya bajia. Nilikwambia vitunguu. Havikuwa vitunguu, Bibi."

Hapakuwa na mtu wa kumtafsiri, na hakuhitajika.

Bibi aliyachezea meno yake mapya kwa ulimi. "Siku ya bajia," alisema.

"Naam, Bibi."

"Na miye nikala?"

"Ulikula, Bibi. Ukanambia chumvi imezidi."

Sijui kama aliyasema yale kwa kulaumu. Sidhani. Alijibu alichoulizwa. Lakini niliona yanavyoingia, na nilitamani niwe na mdomo mtupu ili niseme neno lolote la kuyafuata. Bibi alimshika msichana kichwa kwa mikono miwili akakilaza pajani mwake, na hapo akaanza kumgombeza. Alimgombeza huku analia, machozi yakishuka mpaka kidevuni.

"Umekaa na msiba nyumbani mwangu peke yako! Na miye nakusemesha chumvi! Nani kakwambia ntakurudisha? Wakala? Wakala kanizaa miye hata aujue moyo wangu? Mtu anafiwa, anakaanga bajia! Wallahi umenidhalilisha, mwanangu. Umenidhalilisha mbele ya mamako."

Msichana alilia pale pajani, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Mchungaji alijifuta macho kwa kona ya koti. Mimi nilitafuna.

Bibi alipotulia kidogo, macho yake yakaiona tena ile finjani, bado imejaa, imepoa kabisa. Aliinyanyua, akaimimina yote kooni mwake kwa mkupuo mmoja, akaifuta kwa kidole.

"Haja imepita," alisema. "Nimeinywa mwenyewe."

Halua ilikuwa imeanza kuachia. "Bibi," nikasema kwa ulimi mzito, "daktari kamkataza kahawa. Ana moyo."

Bibi aligeuka pole pole. "Na ulikuwa wapi kusema?"

"Nilikuwa natafsiri, Bibi."

Sitayaandika hapa aliyoyasema baadaye, ila nimeyahifadhi, maana Kiswahili chake kilikuwa safi sana.

Ijumaa iliyofuata tulidhani atakuja msichana peke yake. Yaliingia magari. Bibi alikuwa amewatangazia binti zake kwamba chakula cha mchana leo hakiliwi Mabela, kinaliwa matangani, na asiyetaka abaki na njaa. Walishusha masufuria ya wali na samaki wa kupaka, mikeka, mito ya Bibi, na chupa za chai. Mlinzi wa geti aliuliza kuna harusi ya nani. Bibi akatandikiwa mkeka kwenye kivuli cha ukuta, nje ya ukumbi, akakaa na tasbihi yake.

"Ndani siingii, mwanangu," aliniambia. "Kila mtu ana kwake. Lakini msiba ni msiba."

Nikahubiri, yaani nikatafsiri, na nilijua ananisikia kwenye spika. Nilijitahidi nisipasue kuni. Nilipotoka, koo limekauka, alinipa chai kabla sijaomba.

"Wewe wapiga kelele vile kila wiki?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwani Mungu wenu yuko mbali?"

Baada ya ibada watu walikaa kwenye mikeka pale nje, Wakenya na Waganda na Watanzania, na binti za Bibi katikati yao wakigawa sahani, wakiosha hizo hizo sahani kwa mikono waliyopewa na Mungu. Mchungaji alishushwa chini na vijana wawili. Bibi alimmiminia finjani kwa mkono wake mwenyewe, maji ya moto na hel tupu, akamsimamia mpaka akanywa.

Kisha msichana akasimama.

Nami nikasimama kando yake. Ni mazoea, miguu yangu iliniinua yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa: Kiswahili chake ningekitia Kiingereza kwa ajili ya mchungaji, na pale ambapo sauti ingemkatika, ningembebea. Alianza, "Mama yangu..." akakwama. Akaanza tena, akakwama pale pale. Kile Kiswahili kizuri cha Bibi kilimfikisha mpaka kwa mama yake, kikakataa kuingia naye.

Akavuta pumzi, na alipofungua mdomo tena lugha ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya kwao, ya milimani. Ilitoka kwa kasi na kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Alinyoosha mkono kuonyesha urefu wa mtu, mfupi, kumbe mama yake alikuwa mfupi. Aliigiza mtu anayepepeta kitu. Akacheka katikati. Hata Waganda wenzake, waliotoka sehemu nyingine za nchi, walikuwa wanatazamana tu.

Halafu wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama pale, maiki mkononi, mdomo wazi.

Bibi aliyavua meno yake mapya, akayafunga kwenye leso, akawa analia vizuri bila kuzuiwa. Alinivuta pindo la sketi.

"Anasemaje?"

Nilisikiliza tena, kwa nguvu zangu zote. "Sijui, Bibi."

"Basi kaa chini, tusikie."

Nikakaa. Mchungaji alijisogeza kunipisha kwenye mkeka, magoti yakamlia, na msichana akaendelea kumsema mama yake mpaka akamaliza.